Kabla Wamwage Udongo Kwa Kinamasi cha Mtaa Wenu: Hii Ndio Rada Yote Kuhusu NEMA, Kaunti na Hiyo Keja Yako ya Chini

Kuna kitu huwa kinaendelea pole pole kwa mitaa mingi ya Kanairo na viunga vyake, na wengi wetu hatukioni mpaka maji yafike kwa godoro. Kwanza inakuja lori moja usiku. Inamwaga udongo kwa ile sehemu ya matete yenye vyura hupiga kelele kila jioni. Wiki ijayo ni malori tano. Alafu mabati yanazungushwa. Alafu kunatokea ubao: ploti zinauzwa, deposit kidogo, title iko ready. Miaka miwili baadaye kuna ghorofa sita hapo na caretaker anatafuta wapangaji.

Sasa swali ni hili: yale maji yenye yalikuwa yanakaa hapo yalihamia wapi?

Hayakuhama mbali, buda. Yalienda kwa jirani. Na kama unaishi ground floor, ama unalipa ploti kupitia chama ama sacco, huyo jirani anaweza kuwa wewe. Ndio maana leo tunaongea kuhusu ardhi oevu, ile wengi wetu huita swamp, na karatasi zenye lazima zipitishwe kabla mtu ajenge hapo. Kuna siku chache ambazo sauti yako inahesabika kisheria, na hizo siku huwa zinapita kama hakuna mtu amesoma notisi.

Hiyo si ploti imelala

Tuanze na jina la hii city. Nairobi inatoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899, sehemu kubwa ya pale chini ilikuwa tope na matete. Kwa hivyo tukisema "mafuriko yameingia mtaani", wakati mwingine ukweli ni kwamba mtaa ndio uliingia kwa maji.

Kinamasi hufanya kazi kama sponji. Mvua ikinyesha, kinashika maji, kinayashikilia, alafu kinayaachilia kidogo kidogo kwa mto na chini ya ardhi. Mimea kama mafunjo na matete inapunguza mwendo wa maji, tope linatulia, na uchafu kiasi unachujwa. Hii kazi yote hakuna mtu analipwa.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ploti ya hamsini kwa mia, ile kila mtu anauziwa, ni kama mita 465 za mraba. Mvua ikipiga milimita 50 kwa siku, jambo ambalo si geni kwa masika, hiyo ploti moja imepokea zaidi ya lita 23,000. Ni matangi mawili ya lita 10,000 yajae na bado kuna maji ya kufua. Ekari moja nzima inapokea zaidi ya lita 200,000. Na hayo ni ya mvua iliyoanguka hapo tu, bado hujahesabu yenye yanateremka kutoka juu ya mtaa.

Ukifunika hiyo ekari na paa, simiti na cabro, hizo lita hazina pa kuingia. Zinatafuta njia, na maji hayaulizi barabara ya nani.

Mfano mzuri uko Kikuyu, Kiambu. Kinamasi cha Ondiri kina ukubwa wa kama hekta 30. Ukikiangalia kwa mbali unaweza kudhani ni uwanja wa mpira, lakini hiyo nyasi inaelea juu ya maji. Ukikanyaga, ardhi inatikisika. Mto Nairobi unaanzia hapo. Yale maji ya Ondiri ndio yanashuka mpaka Chiromo, Gikomba, Korogocho na Dandora, yanaingia mto Athi, na mwishowe yanafika Bahari Hindi kupitia Sabaki, karibu na Malindi. Mji wa Kikuyu nao unakua na kila mtu anataka keja karibu na bypass. Wakaazi wa huko wamekuwa wakipigania Ondiri kwa miaka kadhaa, juu wanajua ukikausha kichwa cha mto, huku chini tutabaki na mtaro wa maji taka tu.

Bill huwa inalipwa na nani?

Tukumbushane 2024. Mvua za Machi mpaka Mei zilipiga nchi mpaka karibu watu 300 wakafariki. Mathare, Mukuru, Athi River, watu walilala kwa madarasa. Alafu serikali ikaamuru wenye wanaishi ndani ya mita 30 kutoka kwa mito ya Nairobi wahame, na excavator zikaingia. Familia ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanza upya. Wewe jaribu kuhama Nairobi na soo mia: deposit, rent ya mwezi wa kwanza, gari ya kubeba vitu. Haitoshi.

Na usidhani hii ni story ya mabati peke yake. Agosti 2018, South End Mall kule Lang'ata na jengo la Ukay kule Westlands ziliangushwa kwa sababu ya kukaa kwa njia ya mto. Hayo yalikuwa majengo ya nguvu, yenye maduka na wateja. Wenye walikuwa wamekodisha nafasi ndani walijipata kwa mataa.

Naivasha nayo, mtaa wa Kihoto ulimezwa na ziwa 2020 lilipopanda. Watu wakatoka na boti. Maji yakashuka, watu wakarudi, na 2025 ziwa likarudi tena. Ziwa huwa na kumbukumbu kuliko landlord.

"Lakini niko na title." Skiza hii. Katiba, Kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Na Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Hiyo ilihusu ardhi ya kando ya bahari, si kinamasi, lakini funzo ni lile lile: kama ardhi ya umma ilitolewa vibaya mwanzoni, wewe mnunuzi wa baadaye huwezi kujificha nyuma ya title na kusema hukujua. Sasa kumbuka mito, maziwa na maji mengine ya aina hiyo Katiba inayaweka kwa ardhi ya umma, Kifungu cha 62. Unaona vile mtu anaweza kulipa ploti miaka mitano na mwishowe amenunua kesi.

Sheria inasema nini, kwa lugha rahisi

Sheria kubwa ya mazingira ni EMCA ya 1999. Kifungu cha 42 kinakataza mtu kujenga, kuchimba, kumwaga vitu, kuziba maji ama kukausha mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya NEMA, na hiyo idhini inakuja baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Hiyo tathmini ndio wasee wa mjengo huita EIA.

Soma hiyo tena. Kumwaga udongo peke yake kumetajwa. Kwa hivyo ile lori ya usiku si "kutayarisha site". Kama hakuna idhini, hilo ni kosa tayari, hata kabla tofali la kwanza.

Alafu kuna kanuni za 2009 za ardhi oevu na kingo za mito. Hizo zinagusa ile kitu inaitwa riparian: nafasi ya kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, ikipimwa kulingana na kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Hapa ndio watu huchezwa. Muuzaji anakuleta Januari, jua kali, mto umekuwa kamba ya maji, anahesabu hatua sita kutoka hapo na kuweka beacon. Lakini kipimo kinafaa kuangalia mto ukiwa umefura, si ukiwa na kiu.

Upande wa mipango ya mji kuna sheria ya 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi. Hii inasema huwezi kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Ukianza bila kibali, faini inaweza kufika shilingi 500,000, ama jela miezi miwili, ama zote mbili.

Karatasi zinapitia wapi?

Kwa ufupi, developer anahitaji milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni kaunti: kubadilisha matumizi ya ardhi kama ilikuwa shamba, kugawa ploti, kupitisha ramani ya jengo. Mlango wa pili ni NEMA: ripoti ya mazingira, alafu leseni. Kando ya hizo kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ambayo inahusika na kuweka alama ya mwisho wa riparian, na NCA ambayo inasajili mjengo wenyewe.

Kila mlango una dirisha la wananchi. Kwa kaunti, anayeomba kibali lazima atangazie umma kile anataka kujenga, na mwenye pingamizi ana haki ya kusikizwa. Kwa NEMA, wakaazi wanafaa kuulizwa maoni wakati ripoti inaandikwa, na miradi yenye hatari kubwa inatangazwa gazetini. Hiyo notisi huwa na tarehe ya mwisho ya kutuma maoni. NEMA pia huweka ripoti kwa tovuti yake, unaweza kusoma kwa simu ukiwa kwa mat.

Shida ni gani? Notisi inabandikwa kwa ukuta wa mabati, inanyeshewa, inang'oka. Ya gazeti inasomwa na mzee wa barbershop peke yake. Mkutano unaitwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wewe uko job. Wanakuja watu kumi na wawili, wanapewa soda, wanasaini daftari, na ripoti inaandikwa kwamba jamii imekubali. Siku excavator inafika ndio group ya WhatsApp ya mtaa inawaka moto. Kelele zote hizo zingekuwa na nguvu mara mia kama zingeandikwa kwa ukurasa mmoja, kwa wakati.

Ripoti ina kurasa 150. Uangalie wapi?

Kwanza jua mtaalamu aliyeandika ripoti amesajiliwa na NEMA, lakini analipwa na developer. Hiyo haimaanishi ni mwongo. Inamaanisha usome ukiwa macho wazi. Angalia hizi tano:

1. Tarehe ya kutembelea site. Kama walienda Februari wakati kila kitu kimekauka, wataandika "eneo ni kavu". Wewe una video ya Aprili. Hiyo video ni ushahidi.

2. Ramani. Kinamasi kimechorwa ama kimeitwa "eneo wazi"? Linganisha na picha za zamani za setilaiti. Google Earth inakuwezesha kurudi nyuma miaka mingi na uone matete yalikuwa wapi.

3. Maji ya mvua yataenda wapi. Wakisema "yataelekezwa kwa mtaro uliopo", toka nje ukaangalie kama huo mtaro upo, na kama haujajaa chupa.

4. Maji taka. Kama hakuna sewer na wanapanga shimo, kumbuka kwenye kinamasi maji ya chini yako karibu sana na juu. Mvua ikija, shimo linajaa kutoka chini, na choo kinarudisha. Kama kuna watu karibu wanakunywa maji ya kisima, hiyo ni hatari ya ugonjwa.

5. Orodha ya walioulizwa maoni. Ni watu wa mtaa wenu kweli? Kuna yeyote anayeishi upande wa chini wa maji, ama wote ni wa juu?

Na usisahau maktaba ya bure: wazee. Nenda kwa guka mwenye duka ama shosho anauza mboga, msalimie vizuri, uliza, "Guka, hapa palikuwa nini kabla ya nyumba?" Utaambiwa walikuwa wanakata nyasi za ng'ombe hapo, ama kuna mwaka daraja lilibebwa. Andika jina la mwaka na mahali. Kumbukumbu kama hizo zikiwekwa kwa barua ya pingamizi zina uzito.

Barua yenyewe si rocket science

Huhitaji wakili kutoa maoni. Huhitaji kuwa na title. Mpangaji wa bedsitter ana haki sawa na mwenye bungalow, juu Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Andika hivi:

"Mimi ni mkaazi wa mtaa fulani, mita kadhaa kutoka kwa mradi huu. Nimesoma ripoti namba fulani. Napinga kwa sababu tatu. Moja, ripoti haionyeshi kinamasi kilichoko upande wa mashariki. Nimeambatanisha picha za tarehe hii na hii. Mbili, haielezi maji ya mvua yatapita wapi. Tatu, sikuona mkutano wowote wa wakaazi wa upande wa chini. Naomba mradi usipewe leseni mpaka haya yajibiwe, na naomba mkutano wa hadhara siku ya wikendi."

Tuma kwa barua pepe ya NEMA iliyo kwa notisi, na nakala kwa idara ya mipango ya kaunti. Hifadhi nakala na tarehe. Barua 30 zenye sababu tofauti zinashinda barua moja yenye sahihi 30, kwa sababu kila sababu inabidi ijibiwe.

Ukinyimwa stakabadhi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu.

Na kama wameshapewa green light?

Hapa ndio saa inakimbia, kwa hivyo weka reminder kwa simu. Uamuzi wa kaunti kuhusu kibali cha ujenzi unaweza kukatiwa rufaa kwa kamati ya kaunti ya masuala ya upangaji ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA inapelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira, wengi hulijua kama NET, na muda ni siku 60. Usingoje siku ya 59. Pale NET wananchi wa kawaida wamewahi kusimama dhidi ya majengo makubwa, na leseni zikafutwa.

Juu ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba kina kitu kitamu: ukienda kortini kutetea mazingira, si lazima uonyeshe kwamba wewe ama mtu mwingine tayari ameumia. Huhitaji kungoja sofa ielee ndio uwe na kesi.

Wewe mwenye unanunua ploti, hii ni yako

Kabla ya kutuma deposit, fanya search ya ardhi, ndio, lakini search inakuambia jina la mwenye shamba. Haikuambii kama ni sponji. Kwa hivyo tembelea mahali siku ya mvua, si siku ya jua na lunch ya bure ya kampuni. Angalia mimea: matete na mafunjo hayaoti kwa bahati mbaya. Angalia kuta za majirani kama zina mstari wa maji. Angalia udongo: black cotton hufura ukiloa na kupasuka ukikauka, na ukiwa juu ya kinamasi msingi wako utameza pesa ya ghorofa nzima. Uliza muuzaji barua ya WRA kuhusu riparian na leseni ya NEMA ya mradi. Akianza kukuambia "hiyo tutasort baadaye", ujue mwenye atasort ni wewe.

Wapangaji pia: kabla uchukue keja ya chini, muulize mama mboga wa karibu Aprili huwa iko aje. Caretaker atakuambia hakuna shida. Mama mboga atakuambia alihamisha meza mara ngapi.

Sasa watu walale wapi?

Kuna msee atasema, "Nyinyi mnapenda vyura kuliko binadamu." Point yake si ya kutupwa. Nyumba ni chache, rent ni mnoma, na vijana wanataka pa kuishi. Lakini nyumba inayofurika kila masika haijapunguza shida ya nyumba. Imehamisha tu hasara kutoka kwa aliyeuza hadi kwa anayelala hapo.

Na si lazima iwe kujenga ama kuacha. Shamba la ekari kumi lenye kinamasi cha ekari mbili linaweza kujengwa zile nane, kwenda juu badala ya kutambaa, na hizo mbili zibaki bustani ya kushika maji. Mto ukifura, maji yaingie kwa nyasi badala ya bedroom. Tayari tuna Michuki Park pale karibu na Globe, ukingo wa mto Nairobi wenye ulikuwa jalala na sasa watu huenda kupumzika. Developer mwerevu anaweza hata kuuza keja zake kwa bei poa zaidi zikiangalia ndege na matete kuliko zikiangalia ukuta.

Kwa hivyo ukiona karatasi imebandikwa kwa mabati mtaani kwenu wiki hii, usipite. Piga picha, soma tarehe ya mwisho, tupa kwa group na uandike mistari yako mitatu. Itakuchukua dakika ishirini.